Doti

Mchana napiga picha za vifua, Makadara.
"Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike."
Mzee Kitsao aliizuia hadi macho yakamtoka,
nikasahau kumwambia aachie.
Mbavu zikatokea nyeupe, mapafu meusi,
na doa moja ambalo daktari atalipa jina, si mimi.
Kazi yangu kivuli. Majina ni ya wengine.

Usiku nina zamu isiyo na mshahara:
chumba cha juu, Kuze, ngazi kumi na tisa,
kompyuta ya Nyevu iliyong'oka kitufe kimoja,
na data ya chombo kinachoelea juu ya hewa
kikipokea eksirei zile zile ninazozipika mchana,
ila hizi hakuna aliyebonyeza swichi.

Kuna kitone. Katika orodha kina namba tu.
Leo kinawaka, kesho hafifu,
kesho kutwa kama hakijawahi kuumbwa.
Miaka kumi na mmoja wameandika mbele yake: haijulikani.
Neno hilo nalijua. Hukaa kwenye mafaili ya wodi,
kwa mwandiko wa haraka, kwa kalamu inayokwisha wino.

Nyevu, kwa simu kutoka Kaloleni, alitaka shimo jeusi.
"Shoga, tutaandikwa magazetini!"
Nami nililitaka, sitasema uongo.
Nikalipamba kwa hesabu, nikalifukiza udi;
hesabu zikakataa kukaa.

Ndipo stima zikakatika mtaa mzima.
Mama akawasha tochi ya simu, akaendelea kukunja nguo.
Kwake leso haikunjwi ovyo:
pindo likutane na pindo, korosho juu ya korosho.
Zikipishana hata kwa ukucha,
anaifumua, anaanza upya.
Nilimtazama leso ya tatu, ya nne.
Ya tano nikajipiga kofi la paji.

Stima ziliporudi
nikautandaza mwanga wote wa kile kitone, miaka kumi na mmoja,
kitambaa kirefu kisichokatwa.
Nikaukunja kwa saa moja: ukapishana.
Kwa saa tatu: maua yakaingia kwenye maandishi.
Nikafumua. Muadhini wa alfajiri alikuwa akikohoa kwenye kipaza sauti
nilipokunja kwa saa mbili na dakika kumi na moja,
na pindo likalala juu ya pindo.

Na katika kila mkunjo, pale pale,
pengo jeusi la dakika tisa.

Kitu kinapita mbele yake.
Basi hakiko peke yake. Ni doti,
nasi tulikuwa tukitafuta kipande kimoja.

Mmoja ni nyota iliyokwisha kufa, kibete cheupe,
kimo cha dunia hii, uzito wa jua.
Mwenziwe yu hai bado, mwekundu, wa moto mdogo.
Wamesogeleana mno;
mfu anamnyonya aliye hai kwa mrija wa sumaku,
gesi inaporomoka, inajibamiza usoni pake,
na kishindo hicho ndicho kinachotufikia.
Akilishwa, anawaka. Akinyimwa, anafifia.
Fumbo la miaka kumi na mmoja: njaa na shibe.

"Kibete tu?" akauliza Nyevu.
"Kibete tu. Tena wa jirani."
Akanyamaza, nikasikia kuku wa kwao.

Wiki ile Mzee Kitsao alitoka kwa daktari amenuna.
Doa lake ni kovu, la kifua alichougua ujanani, kikapona.
"Kovu tu," akanilalamikia mlangoni,
"na mimi nimeshauza mbuzi wawili!"

Jioni mama akachungulia kioo cha kompyuta,
ule mchoro uliokunjwa, pindo kwa pindo.
"Leso hii inasemaje?"

Nikaweka kidole kwenye pengo.
"Aliyeniziba ndiye aliyenitaja."

Akaifikiria, kichwa upande.
"Hiyo," akasema, "ningeinunua."